Bi Bahasha na Maneno Tisa

Mtu yeyote asiingie darasani kutafiti kabla hajaandika, kwenye ukurasa mmoja, anakwenda kuuliza nini, atahesabu nini, atahesabu vipi, na ni matokeo gani yatakayomfanya akiri kwamba alidhani vibaya. Ukurasa utiwe sahihi na tarehe. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nakala ya pili itiwe bahashani, bahasha ifungwe kwa gundi, sahihi ipite juu ya mfuniko wake, kisha ifungiwe kabatini. Kazi ikiisha, karatasi zote za wanafunzi, zikiwa zimeondolewa majina, ziwekwe maktaba na kwenye tovuti ya chuo, asome anayetaka.

Hiyo ndiyo sheria aliyoishika karani wa majaribio wa chuo cha ualimu kwa miaka kumi na minne. Hakupewa na mkubwa yeyote. Aliitunga mwenyewe, akaipiga chapa mwenyewe, akaitundika kwenye mlango wa kitengo cha utafiti kwa pini nne, moja kila pembe, ili upepo usipate kisingizio. Kwa ajili ya sheria hiyo wakufunzi walimbandika jina la Bi Bahasha, na yeye aliitika bila kukunja uso.

Kabla ya ukarani alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Mwaka mmoja alikuja mtafiti, kijana wa tai na mkoba, akaomba kuwapima watoto hesabu. Akawapima mara mbili, akashukuru, akaenda zake. Baada ya miezi minane ripoti ikafika shuleni. Haikusema neno juu ya hesabu. Ilisema kwamba watoto wa darasa hilo walikuwa na madaftari safi kuliko zamani, na kwamba usafi huo ulitokana na mafunzo ya mtafiti. Mwalimu akamwandikia barua: za hesabu ziko wapi? Akajibiwa kwamba hesabu hazikuonyesha jambo la maana. Akaandika tena: basi naomba karatasi za watoto wangu nizitazame. Akajibiwa kwamba zilikuwa zimeshachomwa, ofisi ilikuwa na uhaba wa nafasi.

Wapo watu wanaodhani kwamba uongo ni lazima utamkwe. Sivyo. Yule kijana hakusema uongo hata mara moja. Madaftari yalikuwa safi kweli. Alichofanya ni kile ambacho angefanya mwalimu anayetunga maswali ya mtihani baada ya kusoma majibu ya mwanafunzi anayempenda. Kila mtu akifanya hivyo, kila mtafiti atafaulu, na watoto watabaki palepale.

Mwalimu yule alirudi chuoni akasomea stashahada, na nafasi ya karani wa majaribio ilipotangazwa akaiomba. Siku ya kwanza kazini alimpelekea mkuu wa kitengo ule ukurasa wa sheria. Mkuu alikuwa mtu mpole, mnene, anayependa mambo yaishe kabla ya chai. Akausoma kwa kusimama.

"Karatasi moja tu?" akauliza.

"Moja tu, Mkuu."

"Na bahasha."

"Na bahasha."

"Haya. Karatasi haijawahi kumuua mtu," akasema, akatia sahihi.

Ndivyo sheria ilivyozaliwa. Miaka ya mwanzo wakufunzi waliikwepa kwa kila hila. Mmoja aliandika kwamba atahesabu "maendeleo kwa ujumla." Bi Bahasha akamrudishia ukurasa, ameyapigia mstari maneno hayo kwa kalamu nyekundu. "Maendeleo kwa ujumla yana urefu gani, Mwalimu? Nitayapima kwa rula au kwa mizani?" Mkufunzi akacheka, akaenda, akarudi baada ya siku mbili na ukurasa mpya uliosema atahesabu ni mara ngapi kila mtoto ananyoosha mkono kwa kipindi kimoja. Ukapokelewa. Mwingine alikuja baada ya utafiti akiomba bahasha yake aifungue "arekebishe neno moja tu." Huyo alipewa kiti, akapewa maji ya kunywa, bahasha hakupewa.

Nyumbani mumewe alikuwa seremala, mtu wa utani, karakana yake iko ukumbini hivi kwamba wageni walikaa kwenye viti visivyo vyao, vya wateja. Alizoea kumwambia, "Mke wangu, siku ukifa nitakuzika na kabati lako la chuma. Nitachimba shimo la watu wawili."

"Uandike kwanza urefu wa shimo," mkewe alimjibu, "usije ukalipima baada ya kuchoka."

Sasa tuje kwa dada yake, maana hapo ndipo sheria ilipopimwa yenyewe.

Mama yao alifariki wakati mdogo ana miaka sita na mkubwa kumi na saba. Mkubwa ndiye aliyemlea. Alimwosha, alimsuka, alimchapa alipostahili, na alimfundisha kusoma. Kwa kuwa vitabu havikuwepo, alikata makatoni ya sabuni vipande vipande, akaandika silabi moja kwenye kila kipande kwa mkaa, na kila asubuhi kabla ya kwenda kuchota maji alivitandaza sakafuni akamwambia mdogo wake aviunge viwe maneno. Neno la kwanza mtoto aliloliunga lilikuwa "dada." Mkubwa alilia, kisha akamwambia avikusanye vipande upesi kwa kuwa vumbi linaviharibu. Tangu siku hizo alimwita mdogo wake Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho, na hakuna mwingine duniani aliyeruhusiwa kutumia jina hilo.

Dada naye akawa mwalimu wa darasa la pili. Kwa miaka ishirini na mitatu aliziboresha zile kadi: akazipunguza, akazipa rangi, akazipanga kwenye vikasha vya viatu kwa ugumu wake. Walimu wa shule jirani wakaziiga. Sifa ikamfikia ofisa elimu wa wilaya, naye akatoa neno: kadi zikithibitishwa kuwa zinafaa, zitachapwa kwa shule zote za wilaya, zikiwa na jina la mwalimu aliyezibuni kwenye kila kasha. Dada alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Hakuwa na mtoto. Mtu anayejua hayo anajua jina lile juu ya kasha lilikuwa na uzito gani kwake.

Kazi ya kuthibitisha ikaangukia chuo, maana yake ikaangukia meza ya Bi Bahasha. Akamwambia mkuu ampe mtu mwingine. Mkuu akauliza, mtu gani? Kitengo kizima kilikuwa na watu watatu, na wengine wawili hawakujua kuandaa jaribio la shule nane. Basi akaandika kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa: Kadi hizi ni za dada yangu aliyenilea, msomaji ajue hivyo. Akaubandika ubaoni na mstari wake.

Dada alikuja chuoni kutia sahihi, amevaa gauni la sherehe.

"Hata mimi niandike bahasha, Kitinda? Mimi?"

"Hata wewe, dada."

"Haya, soma."

Akamsomea. Shule nane. Katika kila shule darasa la pili lina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Wa asubuhi watafundishwa kwa kadi muhula mzima, wa mchana watafundishwa kama kawaida. Wiki ya kwanza, kabla zamu hazijaanza na watoto wote wakiwa wanakuja asubuhi, wapimwe wote. Mwisho wa muhula wapimwe tena, kila zamu kwa wakati wake: kila mtoto asome kwa sauti dakika moja, yahesabiwe maneno aliyosoma sawasawa. Wenye kadi wakiwazidi wenzao kwa wastani wa maneno matano au zaidi, kadi zinasaidia. Chini ya matano, hazijathibitika.

"Matano?" dada akacheka. "Mimi nataka kumi. Matano nitayapata nimelala."

"Tuandike kumi?"

"Andika matano. Usiniponze kwa mdomo wangu."

Wote wawili wakacheka, dada akatia sahihi, gundi ikalambwa, bahasha ikaingia kabatini.

Ili majina ya watoto yasionekane, Bi Bahasha aliwapa wapimaji utaratibu rahisi. Kila karatasi ya mtoto iandikwe namba ya dawati lake, na mbele ya namba iandikwe herufi A kwa mtoto wa asubuhi au M kwa mtoto wa mchana. Aliusoma utaratibu huo mara tatu, hakuona kasoro.

Muhula ukaisha, wapimaji wakarudi na maboksi, hesabu ikafanywa. Watoto wa A waliwazidi watoto wa M kwa maneno tisa.

Tisa! Dada alipopigiwa simu akasema, "Bado moja tu kufika kumi yangu," akaangua kicheko mpaka simu ikakwaruza. Ripoti ikapelekwa kwa ofisa elimu. Ofisa akaagiza uchapaji. Mkuu wa kitengo, ambaye alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, akaandika barua ya kumpendekeza Bi Bahasha ashike nafasi yake, na ofisa akaiunga mkono kwa mistari miwili ya sifa. Karani kuwa mkuu halikuwa jambo la kawaida. Seremala akaanza kumtengenezea mkewe meza mpya ya ofisi, yenye droo sita, akisema kwamba mkuu hawezi kuweka viwiko kwenye meza ya karani.

Na kama sheria ilivyotaka, karatasi zote za watoto, mia sita na zaidi, ziliwekwa maktaba kwenye maboksi manane. Zilikaa huko wiki saba bila kuguswa na mtu, kama ilivyokuwa kawaida ya karatasi zote zilizotangulia. Watu wengi husema wanataka ukweli uwekwe wazi; wakishawekewa hawaendi kuutazama.

Likizoni akaja mwalimu mmoja wa shule ya kando ya mji, mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi. Hakuja kukagua mtu. Alikuja kwa fahari tu, kuona watoto wake wa darasa la pili, wale wa kadi, walivyosoma. Akakaa na boksi la shule yake kwa saa nzima. Kisha akabeba karatasi mbili mpaka kitengo cha utafiti.

"Samahani, mama. Karani ni nani hapa?"

"Ni mimi, mwalimu. Karibu ukae."

"Huyu ni nani?" Akaweka karatasi ya kwanza mezani. "A kumi na moja. Hapa mwisho wa muhula anasoma maneno arubaini na mawili."

"Jina hatuna, mwalimu. Tumeliondoa makusudi."

"Mimi ninalo. Dawati la kumi na moja asubuhi ni mtoto wangu mmoja aliyeugua surua. Wiki ya kupima alikuwa kitandani. Sasa aliyesoma maneno arubaini na mawili ni nani? Mzimu?"

Bi Bahasha akavuta kiti.

"Na huyu, A ishirini na sita. Amesoma ukurasa mzima. Mtoto wangu wa ishirini na sita nampenda sana, lakini ukurasa mzima, hapana. Hawa si watoto wangu, mama. Hawa ni wa mwenzangu, wa mchana."

"Wa mchana wamepataje kuwa A?"

Mwalimu wa miwani akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Si tulikuwa tumeshabadilishana? Kwetu katikati ya muhula zamu zinageuzwa. Wa asubuhi wanakwenda mchana, wa mchana wanakuja asubuhi, ili joto wagawane. Watoto wangu mwisho wa muhula walikuwa wa mchana. Na kadi zao wakahama nazo."

"Mbona hamkuwaambia wapimaji?"

"Hakuna aliyetuuliza. Walikuja asubuhi, wakaona watoto, wakaandika A."

Hayo ndiyo makosa ya watu waangalifu. Mzembe angeandika majina, na kosa lingeonekana siku ileile. Bi Bahasha aliyaficha majina kwa uangalifu, akaacha kuuliza swali moja ambalo mwalimu yeyote wa zamu mbili angelijibu huku akifuta ubao. Na yeye mwenyewe alikuwa amefundisha darasani miaka tisa, ila shule yake ilikuwa ya zamu moja.

Akamshukuru mwalimu, akaandika jina lake na namba yake ya simu, akakaa na simu ya ofisi akazipigia shule zote nane, moja baada ya nyingine. Tano hazigeuzi zamu. Tatu zinageuza. Akayatoa maboksi ya hizo tatu, akabadilisha herufi karatasi kwa karatasi, A ikawa M na M ikawa A, akahesabu upya. Akahesabu mara ya pili kwa mashine. Akamwita mwenzake wa kitengo ahesabu mara ya tatu bila kumwambia ni kitu gani.

Tisa ikawa mbili. Mbili na kidogo.

Na lingine likaonekana lililomfanya aweke kalamu chini. Katika kila shule kati ya zile nane, watoto waliopimwa asubuhi waliwazidi wenzao kwa maneno kama tisa, wawe na kadi au wasiwe nazo. Mchana darasa ni tanuri, mtoto ameshacheza, ameshachoka, herufi zinamwogelea machoni. Kadi hazikuwa zimesoma. Asubuhi ndiyo iliyosoma.

Mkuu wa kitengo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua koti.

"Shule tatu zimeharibika," akasema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Tano ni safi."

"Tano hazikugeuza zamu."

"Basi tatizo liko wapi? Zitoe zile tatu. Andika kwamba zilikuwa na hitilafu ya utaratibu, na ni kweli zilikuwa nayo. Tano zinabaki. Tano zinasema ngapi?"

"Tisa."

"Si unaona? Hakuna uongo hapo hata wa kulambia gundi."

"Mkuu, kwenye hizo tano wenye kadi ndio wote wa asubuhi. Siwezi kujua kama tisa ni ya kadi au ni ya asubuhi. Hizo tatu ndizo zimeniambia ni ya asubuhi. Nikizitoa, namtoa shahidi kwa sababu amesema nisilolipenda. Na ukurasa umesema nane."

"Ukurasa uliuandika wewe!"

"Ndiyo maana siwezi kuufuta."

Mkuu akatembea mpaka dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye chai ilikuwa imeshafika. "Kadi ziko mtamboni," akasema. "Ofisa ametangaza mbele ya walimu wakuu wote. Na wewe barua yako iko mezani kwake. Ukimpelekea hili wiki hii, hiyo barua ataitumia kufunikia kikombe."

"Najua."

"Na yule ni dada yako."

"Hilo nililiandika mstari wa kwanza," akasema Bi Bahasha, na sauti yake, ambayo haikuwahi kukatika mbele ya mkufunzi yeyote, ikakatika.

Hakubandika kitu siku hiyo. Alisema dada yake asilisome ubaoni kama mpita njia. Jumamosi akaenda kwake.

Dada alikuwa sakafuni katikati ya makatoni, anakata kadi kwa mkasi, kana kwamba mtambo wa uchapaji haukuwepo. Alinyoosha shavu abusiwe. "Mkuu mtarajiwa! Karibu. Sogeza hizo 'ma, me, mi' ukae."

Bi Bahasha hakusogeza. Alikaa pembeni yake sakafuni akamweleza yote, zamu, herufi, shule tatu, tisa na mbili. Alisema kosa lilikuwa lake. Mkasi ulisimama kwenye katoni, haukutoka.

"Nani mwingine anajua?"

"Yule mwalimu wa miwani."

"Mmoja."

"Na mimi, wawili. Na Mkuu. Na sasa wewe."

"Na bado unataka kulibandika ukutani."

"Lazima, dada. Shule zote za wilaya zitatumia kipindi cha kusoma kwa jambo ambalo hatujui kama linafaa."

"Hatujui?" Dada akapandisha sauti. "Hatujui nani? Wewe ulisomea nini? Hukusoma kwa kadi hizi? Hapa, kwenye sakafu, kwa mkaa! Ushahidi ni wewe mwenyewe umekaa hapo!"

"Mimi ni mtoto mmoja, dada," Bi Bahasha akasema. Kisha akaongeza jambo ambalo baadaye alisema angetamani angelimeza: "Na ulikuwa unanifundisha asubuhi."

Dada akautoa mkasi kwenye katoni. Aliposema hakupaza sauti tena.

"Kosa ulifanya wewe."

"Ndiyo."

"Na anayeumbuka ni mimi."

"Nitaandika kwamba kosa ni langu. Kwa maneno hayohayo."

"Andika. Wewe kuandika hujambo." Akaanza kukusanya kadi, akizipanga kwenye kasha la viatu kwa mpangilio wake, ma na ma, mi na mi. "Ukitoka vuta mlango, Karani."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Jumatatu tangazo likawa ubaoni, kwenye tovuti ya chuo na kwenye meza ya ofisa elimu. Lilikuwa na aya nne. Ya kwanza ilisema matokeo ya maneno tisa yameondolewa. Ya pili ilisema kosa lilifanywa na karani wa majaribio katika utaratibu wake wa herufi, na liligunduliwa na mwalimu wa darasa la pili aliyezisoma karatasi maktaba, akashukuriwa. Ya tatu ilitoa hesabu mpya, kwamba kadi hazijathibitika. Ya nne ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko nyingine zote. Ilisema kwamba tofauti ya asubuhi na mchana imeonekana, lakini hatukwenda kuitafuta, haikuwa kwenye bahasha, kwa hiyo mtu asiitangaze kuwa ni jambo lililothibitishwa mpaka itafutwe kwa ukurasa wake yenyewe. Mtu aliyekuwa amepoteza kila kitu alikuwa na kitu kimoja kizuri mkononi, na hakukubali kukiuza kabla hakijaiva.

Seremala alilisoma ubaoni alipokuja kumchukua. "Bi Bahasha," akasema, "safari hii umejitia mwenyewe ndani, ukalamba na gundi." Kisha akamshika mkono mbele ya wakufunzi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, wakaenda nyumbani. Ile meza ya droo sita ilinunuliwa na fundi saa.

Mtambo ulisimamishwa. Ofisa aliudhika sana, na nafasi ya mkuu ikapewa mtu kutoka nje, kijana nadhifu ambaye wiki ya pili aliamuru zile pini nne zing'olewe kwa kuwa mlango ulikuwa unapakwa rangi. Rangi ilikauka, sheria haikurudi. Lakini alikuwa amechelewa. Yule mwalimu wa miwani alikuwa ameshawasimulia wenzake kwamba karatasi za watoto wao ziko maktaba na kwamba ukiona kosa ukasema, linaandikwa ukutani na unashukuriwa. Wakaanza kuja wawili watatu, wakati wa likizo. Walikuta hitilafu kwenye tafiti nyingine mbili, moja ya mkufunzi aliyekuwa akipenda sana maendeleo kwa ujumla. Siku moja walimu wanane walisimama kwenye meza ya mkuu mpya, wakauliza kwa heshima ule ukurasa wa mlangoni umekwenda wapi, kwa kuwa wao hawataruhusu mtafiti aingie madarasani mwao bila ukurasa. Alasiri hiyohiyo pini zilirudi. Walizibonyeza wenyewe.

Mwaka uliofuata swali la asubuhi lilipewa bahasha yake. Shule kumi, zamu zote ziliandikwa kwa tarehe za kugeuzwa. Asubuhi ilizidi kwa maneno sita, na kipimo kilikuwa matano. Tangu hapo katika wilaya ile kusoma ni kipindi cha kwanza cha kila zamu, watoto wa mchana hawapimwi tena wakiwa wamechoka na kuitwa wazito, na hakuna kasha lenye jina la mtu. Nimeona madarasa hayo. Ni kazi njema, na ilitoka kwenye kosa lililokiriwa. Kosa lililofichwa lingezaa makasha tu.

Dada yake hakumsemesha kwa miaka miwili na miezi saba. Alituma salamu za msiba kwa shemeji yake, seremala, alipofiwa na mama yake; kwa mdogo wake hakutuma kitu. Kisha siku moja, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, aliingia kitengo cha utafiti na kasha la viatu kwapani. Hakuvaa gauni la sherehe. Akabaki amesimama mbele ya meza.

"Nipe ukurasa, Karani."

Bi Bahasha akampa. Dada akakaa kwenye kiti cha wageni akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa na wa duara. Alitaka kujua kama kadi zinawafaa watoto wasiojua herufi hata moja, kama alivyokuwa mtoto mmoja aliyemfahamu. Watoto wote wapimwe saa ileile. Mahali pa kipimo aliandika tano, akaikoleza kwa kalamu mara ya pili. Akatia sahihi, akalamba gundi mwenyewe.

"Lini nitajua?"

"Mwisho wa muhula, dada."

"Na ikiwa ni mbili?"

"Itabandikwa mbili."

"Vizuri," dada akasema. Akachukua kasha lake akaondoka.

Bahasha hiyo ingali kabatini ninapoandika haya. Muhula haujaisha, na hakuna anayejua itasema nini, hata yeye mwenye ufunguo.

Sheria ile ilimgharimu ukuu wa kitengo, ambao hakuupata na hataupata. Ilimgharimu pia jina la Kitinda. Dada yake anamsemesha sasa, wanaulizana hali, wanatembeleana siku za mapumziko. Jina hilo hajamwita tena.